Umevuka 40 na mnatafuta mtoto? Anzia kipimo cha mbegu

Mwanaume kuzaa na miaka 60 inawezekana, ila kuanzia 40 hivi mbegu zinapungua spidi na DNA yake inachakaa, kwa hiyo mkimaliza mwaka bila kitu (miezi 6 kama waifu kavuka 35) usimtupie yeye lawama, nenda kapime. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Ukitolea nyumbani usitumie mate wala mafuta, kikopo cha maabara kibebe ndani ya shati kisipoe, kifike ndani ya saa 1. Majibu mabaya? Acha sigara, punguza bia, na zile sindano za testosterone za gym achana nazo kabisa aisee, zinazima kiwanda. Rudia baada ya miezi 3, maana mbegu mpya zinachukua kama siku 74 kutengenezwa.