Siku ya mwisho Arusha: rudi kule kule ulikokwisha kwenda

Naongoza wageni mjini Arusha, na likizo ikikaribia kuisha napigiwa simu ile ile: "Kaka, kuna sehemu gani mpya tumebakiza?" Siku hizi nawarudisha walikoanzia. Siku ya kwanza mlikuwa na uchovu wa basi, mkapiga picha, mkapita.

Hatua ya 1. Funga mizigo usiku, uiache mapokezi. Fungua picha za siku ya kwanza kwenye simu, chagua tatu tu.

Hatua ya 2. Toka saa moja asubuhi. Mlima Meru una mita 4,566, lakini mawingu yakishuka utadhani haujawahi kuwepo. Utazame kwanza, mtori baadaye.

Hatua ya 3. Geuza njia. Wengi huanzia Mnara wa Saa, wakifika Makumbusho ya Azimio la Arusha miguu imekwisha. Wewe anzia huko, karibu na mnara wa Mwenge, na usisome kila kitu. Kaa na jambo moja: masharti ya viongozi. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana mjini hapa Januari 1967, na Mwalimu Nyerere akalitangaza Azimio tarehe 5 Februari. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Asiwe na hisa katika kampuni. Kama umekuja na mzee aliyeyaona mambo hayo, nyamaza, mwache azungumze. Mama mmoja niliyemwongoza alicheka mpaka akakaa chini: marehemu mumewe aliikatia tamaa nyumba ya uani kwa sharti hilo, na siku ya kwanza hata hakulitaja, alikuwa anatafuta choo.

Hatua ya 4. Tembea kwa miguu hadi Mnara wa Saa. Husemwa ndiyo nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo; mkishabishana, endeleeni. Wauza shanga watakuzonga. Ukweli ni kwamba shanga hununuliwa siku ya kwanza, kwa sababu mwenye basi la jioni hana ubavu wa kupatana bei, na wao wanalijua hilo.

Hatua ya 5. Panda Barabara ya Boma. Ndani ya Boma la Wajerumani siku ya kwanza watoto walikimbilia wanyama waliokaushwa. Leo waache wanyama, tazama jengo lenyewe. Lilijengwa mwaka 1900, baada ya misafara ya kijeshi ya 1896 dhidi ya Waarusha na Wameru. Weka kiganja ukutani. Kisha simama pale pale ulipopigia picha ile ya kwanza, upige nyingine, ila safari hii ukuta uonekane, siyo sura zenu tu.

Hatua ya 6. Malizia nje ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, jirani tu. Huhitaji kuingia. Humo ndimo mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, Septemba 1998: hukumu ya kwanza ya kosa hilo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Mahakama hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2015. Watu hupita hapo na miwa mkononi bila kugeuka.

Hatua ya 7. Bajaji, mizigo, stendi. Ondoka mapema, foleni ya jioni ya Arusha haijui una tiketi.