Somo: kupima pistoni oversaizi (kubwa kuliko ya kiwanda) ndio ikae sawa kwenye bloki ya nduthi

Nduthi yangu ya kwanza ilishika pale Roysambu nikiwa na abiria na gunia ya viazi, siku tatu tu baada ya bloki kuchongwa, yaani tundu la pistoni kupanuliwa. Injini ilikata, tairi ya nyuma ikajifunga, na yule abiria akaniangalia vile unaangalia mtu amekuibia. Nilikuwa nimechonga bloki kwanza halafu nikaenda kutafuta pistoni ya kuingia. Wengi bado tunafanya hivyo. Pistoni inanunuliwa kwanza, na bloki ndio inafuata pistoni.

Hatua ya 1: pima bloki. Injini za 125 za aina ya CG (ile ya Honda CG125), boo yake ya kiwanda, yaani upana wa tundu la pistoni, ni 56.5 mm. Pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili, mbele-nyuma halafu kushoto-kulia, juu bloki hailiki duara, inalika yai. Juu ndio huliwa zaidi, pale ringi ya juu inageukia. Yangu ilisoma 56.58 juu, 56.55 katikati na 56.51 chini, na ukipitisha ukucha pale juu unasikia kangazi, yaani ukingo mdogo. Boo geji, kifaa cha kupima hilo tundu, kama huna, mtu wa mashini anayo, mlipe akupimie.

Hatua ya 2: nunua pistoni, halafu usiamini namba yake. Kirinyaga Road utapata oversaizi za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, imegongwa pale kichwani. Hiyo 0.50 ni jina tu, saizi yenyewe unapima wewe. Nimeshika mbili za 0.50 za kampuni tofauti, moja ikasoma 56.96 na nyingine 56.93, na ukichonga bloki 57.00 ya kwanza inakaa fiti, ya pili itapiga kelele asubuhi kama sufuria.

Pima kwa sketi, ule upande wa chini wa pistoni, kama sentimita moja kutoka chini, upande ule unakata msalaba na pini. Si juu karibu na ringi, kule imepunguzwa makusudi, utapata uongo. Na tafadhali vernia weka kando, inasoma kwa 0.02 ama 0.05 na nafasi yote tunatafuta hapa ni 0.03 hadi 0.05. Maikromita. Kitu ingine, usipime pistoni imetoka kukaa juani kwa kaunta, ikipata joto ya digrii 20 zaidi inavimba kama 0.02, hiyo ni nusu ya hesabu yako imeenda na jua.

Hatua ya 3: peleka zote mbili kwa mtu wa mashini. Si bloki peke yake. Andika kwa karatasi: pistoni 56.96, nataka 57.00. Akate aachie kidogo, kama 56.97, hizo zimebaki amalizie na honi (mawe ya kusugua kuta) ili kuta zibaki na mistari ya kukatana ya kushika oili. Nafasi inaachwa kwa sababu pistoni ni alumini na ukuta wa bloki ni chuma, na alumini ikipata moto inavimba karibu mara mbili ya chuma. Ukibana sana utakutana na mimi Roysambu. Kama uko na kitabu cha nduthi yako, fuata namba zake si zangu.

Hatua ya 4: osha. Maji moto na sabuni na brashi, petroli peke yake haitoi unga wa honi. Ukikausha pitisha kitambaa cheupe chenye oili, kikitoka kijivu rudia. Mimi hurudia mara tatu ama nne na watu hunicheka.

Hatua ya 5: ringi. Weka ringi peke yake ndani ya bloki, isukume na kichwa cha pistoni ishuke kama sentimita mbili ikae sawasawa, halafu ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupima nafasi) kwa ule mwanya wa ncha za ringi. 0.15 hadi 0.35 iko poa. Ikiwa ndogo, ncha zitagongana injini ikipata moto na ringi itavunjika, so piga tupa kidogo kidogo. Maandishi yaangalie juu, mianya isipangane. Na ukiweka klipu za pini ziba shimo la injini na kitambaa, klipu ikiruka humo ndani siku imeisha.

Baada ya hapo usifungulie full kwa kilomita 500 za kwanza, halafu mwaga oili.

Maswali

*Wa Kayole:* Boss, fundi wangu hana maikromita, huangusha pistoni kwa bloki ikishuka polepole anasema iko sawa. Ni ukweli?

Inakuonyesha tu kama imebana. Ya 0.04 itashuka na ya 0.08 pia itashuka, na mkono hauwezi kujua tofauti.

*Wa Rongai:* Nilinunua 0.25 nisimalize bloki, lakini kuna mkwaruzo mrefu. Nifanyeje?

Rudisha hiyo pistoni kabla hujaipaka oili, ndugu. Mkwaruzo lazima uishe wote. Muulize mtu wa mashini 0.25 itaufikia ama uende 0.50, ndio ununue.

*Mwenye duka la spea:* Watu wananunua ringi peke yake bila kuchonga. Niwauzie?

Wauzie mama, lakini waambie waingize ringi mpya kwa bloki na fila kwanza. Kila 0.01 bloki imelika, mwanya wa ringi unafunguka kama 0.03. So mwanya ulifaa kuwa 0.25 na fila ya 0.50 inapita bila kusukumwa, hiyo bloki imelika 0.08, na hizo ringi zitarudishwa kwako moshi ikiwa bado ni bluu.