Kusokota Uzi wa Pamba kwa Mkono, Kuanzia Pamba Mbegu

Kwa mkazi wa Mwanza, Misungwi au Magu, malighafi ya uzi haiko mbali, kwani kuanzia mwezi Mei pamba huanza kujaa katika maghala ya vyama vya msingi vya ushirika. Huniuma kuona kwamba wengi wetu tumepalilia na kuchuma pamba tangu utotoni bila kuwahi kushuhudia nyuzi zake zikigeuka uzi mikononi mwetu, ilhali kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine.

Chagua pamba safi, si fifi (ile chafu ya daraja la chini), iliyochumwa baada ya umande kukauka. Pamba iliyonyunyiziwa maji au kutiwa mchanga ili iongezeke uzito usiiguse, kwa sababu nyuzi zake hushikamana na hazifunguki vizuri. Gramu 100 zinamtosha anayeanza. Ukishaichambua, yaani kuitoa mbegu, utabaki na gramu 35 hadi 40 za nyuzi.

Ianike juani kwa saa moja au mbili, kisha uichambue ikiwa bado na joto. Weka kipande kimoja juu ya jiwe laini, halafu ukandamize na kuviringisha mbele kipande cha chuma kilichonyooka, chenye unene wa penseli na kisicho na mistari kama ya nondo. Mbegu itasukumwa mbele na kuchomoka, na nyuzi zitabaki nyuma. Mwanza hatukosi mawe, lakini miamba yetu ya matale ina uso unaokwaruza na hukata nyuzi. Tafuta jiwe lililolainishwa na maji ya ziwa, au tumia jiwe la kusagia.

Hatua inayofuata ni kuzifungua nyuzi, na ndiyo ambayo wanaoanza huiharakisha. Tengeneza upinde mdogo wa fito na kamba iliyokazwa, uishushe kamba juu ya rundo la pamba na kuidonoa kwa kidole mara nyingi, mpaka pamba iumuke na vifundo vitoweke. Fanya kazi hii nje ukiwa umefunga kitambaa puani, kwa maana vumbi la pamba huumiza kifua. Pamba iliyoumuka itandaze kwa wembamba, iviringishe kwenye penseli, kisha uichomoe penseli ubaki na kikunjo chepesi chenye urefu wa kiganja.

Kijiti cha kusokotea hutengenezwa kwa spoku ya baiskeli. Ikate ibaki sentimita 20, chonga ncha ya chini kwa tupa, na ncha ya juu uipinde iwe kama ndoana ndogo. Sentimita 2 juu ya ncha ya chini, kaza kigae cha chungu kilichosuguliwa kikawa duara na kutobolewa katikati. Wasokotaji wa Kilwa ya kale walitumia vigae vya namna hiyo hiyo, na wataalamu wa mambo ya kale wamevifukua huko.

Keti, simamisha ncha ya chini ndani ya kifuu cha nazi, na ufunge kwenye kijiti uzi wa kuanzia wenye urefu wa sentimita 40, uupitishe katika ndoana. Gusanisha mwisho wake na kikunjo, zungusha kijiti kwa kidole gumba na cha shahada kuelekea kulia, huku mkono wa pili ukikivuta kikunjo nyuma polepole. Kishike kama unavyoshika kifaranga: ukikibana, nyuzi hazitoki. Unyuzi mmoja wa pamba yetu una takriban milimita 28 tu, kwa hiyo uzi usiposokotwa sana huachana. Panapotokea unene, endelea kuvuta taratibu kabla msokoto haujakaza, na unene utanyooka wenyewe. Mkono ukifika mwisho, ongeza mizunguko kadhaa, kisha uuvingirishe uzi kwenye kijiti, juu ya kigae. Ukikatika, chambua ncha zote mbili, zilaze pamoja kwa sentimita 3 na usokote tena.

Uzi mmoja hujikunja ukiachwa huru. Chukua nyuzi mbili zilizosokotwa kulia, uziunganishe kwa kuzungusha kijiti kuelekea kushoto, na utapata uzi uliotulia na wenye nguvu. Uvingirishe kati ya kiwiko na kiganja uwe shada, ulifunge kwa legevu sehemu nne, kisha ulichemshe kwa saa moja katika maji yenye sabuni na magadi kidogo. Usishtuke maji yakigeuka rangi ya chai, kwani hiyo ni nta ya asili inayotoka, na nta isipotoka uzi hautanyonya maji wala rangi. Lisuuze shada, ulitundike kivulini na kulining'inizia jiwe dogo chini. Likikauka, liko tayari kwa kufuma.