Kupima vali ya kufungia kwenye bomba la mafuta, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa fundi anayetumwa kwenye kituo cha vali, ile sehemu ndogo yenye uzio porini au kando ya barabara, ahakikishe kwamba siku bomba likipasuka vali itafunga kweli. Nazungumzia bomba la petroli, dizeli au mafuta ya ndege, lenye vali ya tufe (mpira wa chuma wenye tundu, ambao ukizungushwa robo huziba njia) inayozungushwa na mota kwa amri ya chumba cha udhibiti. Jambo moja nalishikilia tangu mwanzo hadi mwisho: skrini ikisema "imefunga", hiyo ni kauli ya swichi ndogo iliyo kwenye mota. Vali imefunga pale mafuta yenyewe yanaposimama, na hilo huthibitishwa kituoni.

Hatua ya 1: Kijue kipande chako kabla ya kuondoka ofisini

Chukua mchoro wa njia ya bomba unaoonyesha miinuko. Mabomba yetu ni ya kupanda: la Mombasa hadi Nairobi linatoka usawa wa bahari na kufika juu ya mita 1,600, na la TAZAMA, bomba la Tanzania na Zambia lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, hupita nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Kwenye njia ya namna hiyo, kuzima pampu peke yake hakutoshi, kwa sababu mafuta yaliyo juu hurudi chini kwa uzito wake na kutokea pale palipopasuka. Dizeli iliyosimama kwenye mwinuko wa mita 100 hukandamiza chini kwa bar 8 hivi (bar ni kipimo cha presha).

Piga hesabu ya ujazo. Bomba la inchi 20 lina karibu lita 188,000 katika kila kilomita. Mteremko wa kilomita 5 usio na vali katikati unaweza kumwaga lita 940,000 pampu zikiwa zimezimwa zamani. Andika kwenye daftari: vali iliyo juu yako, iliyo chini yako, vali za njia moja zilizo kati yao, mito, na makazi ya watu. Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye mfumo wa bomba iliingia kwenye mtaro ikateremka hadi kijiji cha Sinai, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kwa hiyo mitaro nayo iingie kwenye mchoro wako, hata kama mchoro wa ofisi hauionyeshi.

Hatua ya 2: Kibali na makubaliano na chumba cha udhibiti

Kibali cha kazi kisainiwe. Kubalianeni na opereta mambo matatu: pampu zitakuwa katika hali gani, neno gani likitajwa redioni kila mtu anaacha, na nani anatoa amri ya kurudisha. Kinga za presha ya juu kwenye kituo cha pampu zisizimwe kwa ajili ya jaribio lako. Mtu akikuomba uzizime ili kengele zisisumbue, ahirisha kazi.

Hatua ya 3: Kufika kituoni

Egesha gari upande upepo unakotokea, zima injini, ingia na kipima gesi mkononi. Usomaji wowote usio sifuri una sababu yake, na sababu hiyo itafutwe kwanza. Ikiwa vali iko ndani ya shimo la zege, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini kabisa. Shusha kipima kwa kamba hadi sakafuni. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, na abaki mtu mmoja juu ambaye hana kazi nyingine.

Hatua ya 4: Macho na mikono, kabla ya umeme

Zunguka vali taratibu. Tazama shina la vali, ule mhimili unaozungusha tufe, linapotokea: unyevu wa mafuta hapo ni dalili ya sili (kizuizi cha uvujaji) iliyochoka. Pitisha kidole chini ya flanji, pale vali inapofungwa kwa bolti kwenye bomba. Fungua kisanduku cha mota na unuse. Harufu ya kuungua huishi humo muda mrefu. Maji ya mvua, mchwa na nyigu huingia kupitia tundu la waya lisilozibwa vizuri, nami nimekuta visanduku ambavyo sakiti yake nzima ilikuwa imefunikwa na udongo wa nyigu. Betri za sola zipime baadaye, Hatua ya 6, mota ikiwa inazunguka. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, ikaanguka mota inapoanza kuvuta.

Kisha chora alama ya rangi nyeupe kwenye shina lenyewe na nyingine kwenye mwili wa vali. Sababu yake iko Hatua ya 7.

Hatua ya 5: Muda wa kufunga, jambo la kutafakari kuliko yote

Wengi huamini kwamba vali ya dharura ikifunga haraka zaidi ndiyo salama zaidi. Kwenye bomba la kimiminika imani hiyo ni hatari.

Mafuta yanayotembea yana uzito na mwendo. Ukiyasimamisha ghafla, nguvu ile hugeuka presha na kurudi nyuma kama wimbi. Kadiria: dizeli ya kilo 840 kwa mita ya ujazo, wimbi linalosafiri mita 1,100 kwa sekunde, mafuta yanayotembea mita 1.5 kwa sekunde. Zidisha zote tatu. Unapata karibu bar 14 juu ya presha iliyokuwepo. Bar hizo zinashuka tu ikiwa kufunga kunachukua muda mrefu kuliko safari ya wimbi kwenda kituo cha pampu na kurudi. Kituo kikiwa umbali wa kilomita 60, safari hiyo ni sekunde 109 hivi. Tena tufe hubana mafuta zaidi katika robo ya mwisho ya mzunguko, hivyo vali inayofunga kwa sekunde 120 inaweza kuwa inayasimamisha kwa sekunde 30 za mwisho tu.

Bellingham, jimbo la Washington, Marekani, tarehe 10 Juni 1999, vali ya kuingilia kwenye kituo kimoja cha bomba la petroli ilifunga baada ya presha kupanda, kwa kuwa vali ya kupunguza presha haikuwa imepangwa sawasawa. Wimbi lilirudi nyuma likakuta mahali ambapo bomba lilikuwa limejeruhiwa na wachimbaji miaka kadhaa nyuma. Bomba likapasuka, galoni karibu 237,000 za petroli zikaingia kijitoni, na moto ulipowaka ukaua vijana watatu, wawili wao watoto wa miaka 10. Ile vali ilitii. Mfumo uliokuwa ukiizunguka ndio haukuwa tayari kuipokea.

Kwa hiyo soma muda wa kufunga ulioidhinishwa na mhandisi, upime kwa saa ya mkononi, ulinganishe. Ukikuta vali inafunga haraka kuliko ilivyoandikwa, ripoti kwa uzito uleule ambao ungeripoti vali iliyokwama.

Hatua ya 6: Kusogeza kidogo mafuta yakitembea

Opereta aamuru vali isogee digrii 15 hivi kisha irudi. Kwa vali ya tufe yenye tundu pana, mtiririko hautaathirika sana. Unachotafuta ni kama shina linaondoka bila kusita. Vali iliyokaa miezi bila kuguswa huganda, na mota huguna kabla ya kuing'oa. Mguno huo uandike. Kanuni za Marekani zinataka vali kuu za aina hii zikaguliwe mara mbili kwa mwaka, pengo lisizidi miezi saba na nusu. Kwenye joto na chumvi ya pwani nisingengoja hata muda huo.

Hatua ya 7: Kufunga kabisa, bomba likiwa limesimamishwa

Pampu zizimwe, presha itulie, ndipo amri ya kufunga itoke chumba cha udhibiti. Tazama alama yako nyeupe: lazima shina litimize robo ya mzunguko.

Kuna kituo kimoja ambako kijana wa chumba cha udhibiti aliniambia redioni, "Mzee, kwangu imeshafunga." Kishale juu ya gia nacho kilisema hivyo. Alama ya shina ilikuwa palepale. Nikamwomba apunguze presha upande wa chini, na geji zote mbili, ya juu na ya chini ya vali, zikashuka pamoja. Kabari inayounganisha gia na shina ilikuwa imekatika. Mota ilizunguka, swichi zikaguswa, tufe halikusogea.

Kuna mafundi wanaofungua bomba dogo la kutolea mafuta ya tumbo la vali, yaani nafasi iliyo kati ya tufe na mwili wake, na yakikauka wanaandika "imefunga". Hilo linathibitisha tu viti vya vali, zile pete zinazolibana tufe. Vali nzuri ya tufe hushika pande zote mbili hata ikiwa wazi, na tumbo lake litakauka vilevile. Ushahidi wa kufunga ni tofauti ya presha: shusha upande wa chini, geji ya juu ibaki ilipo kwa muda mliokubaliana.

Usikiache kipande kimefungwa pande zote juani. Petroli iliyobanwa ndani ya chuma hupandisha presha kwa bar kadhaa kwa kila digrii moja ya joto. Hakikisha vali ndogo ya kupunguza presha ya joto haijafungiwa njia.

Hatua ya 8: Kata mawasiliano

Zima redio ya kituo, uone vali inafanya nini. Kisha umeme. Nyingine zimepangwa kubaki zilipo, nyingine kufunga. Linganisha na maandishi, na hakikisha opereta anapata kengele ya kupoteza kituo. Skrini inayoendelea kuonyesha hali ya zamani bila onyo ni kasoro ya kurekebishwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Pima muda wa watu

Saa ianze kuhesabu tangu dalili ya kwanza ilipotokea, amri inakuja baadaye. Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, Julai 2010, bomba la inchi 30 lilipasuka na ikachukua saa zaidi ya 17 kutambua, huku pampu zikiwashwa tena mara mbili. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyomwagika ilitoka wakati huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022, kwa mabomba mapya ya kuanzia inchi 6, inataka vali ziwe zimefunga ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambuliwe. Bomba linalosukuma lita 1,000,000 kwa saa hutoa lita 500,000 katika dakika hizo, kama pampu zingeendelea. Fanyeni zoezi: mpe opereta dalili ya kushuka kwa presha bila kumwambia siku, uandike dakika alizotumia kuamua.

Hatua ya 10: Kurudisha

Sawazisha presha ya pande mbili kwanza, ndipo ufungue. Ukifungua ikiwa na tofauti kubwa unakwangua viti. Andika muda wa kufunga, presha, volti za betri na picha ya alama ya shina. Rudisha kiteuzi kutoka "hapa" kwenda "mbali". Klachi inayounganisha usukani wa mkono na gia iwe imeachia. Mwombe opereta asogeze vali mara moja zaidi kwa amri yake mwenyewe huku ukitazama shina, kisha ndipo ufunge geti.