Kufunga taa za mchana kwenye gari: pima kabla hujaunga waya wa kuzimia

Wiki iliyopita nilimfungia jirani taa za mchana, zile za LED zinazowaka zenyewe injini ikinguruma, kwenye Hilux yake ya zamani. Kazi ya saa moja na nusu ilitula jioni mbili kwa sababu ya waya mmoja.

1. Fungua terminali ya hasi ya betri.

2. Funga taa kwenye bampa, kulia na kushoto zilingane. Kanuni za Ulaya zinataka kimo cha sentimita 25 hadi 150 kutoka chini na nafasi ya angalau sentimita 60 kati yake. Mimi nazifuata.

3. Nunua kiboksi kinachosoma volti: betri iliyotulia ina 12.6 hivi, injini ikiwaka zinapanda kukaribia 14, nacho kinawasha taa. Waya wa chanya uwe na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri.

4. Waya wa kuzimia, unaotoka kwenye kiboksi. Kazi yake ni kuzima taa hizi usiku zisimuumize macho anayekuja mbele. Maelekezo yalisema tuuunge kwenye taa kubwa. Tukaunga, taa zikagoma. Tukabadilisha fyuzi, tukabadilisha kiboksi, wapi! Mita ya kupimia volti ndiyo iliyotuonyesha: Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi ya taa kubwa inakata upande wa hasi. Waya zake zina umeme hata taa zikiwa zimezimwa, hivyo kiboksi kilidhani ni usiku muda wote. Unga kwenye chanya ya taa ndogo, lakini pima kwanza. Rudisha terminali kwa muda, ncha nyeusi ya mita iguse bodi, nyekundu iguse waya. Taa ndogo zikizimwa isome 0, zikiwashwa isome 12. Ikisoma vingine, tafuta waya mwingine. Na balbu iwe mahali pake. Ukiichomoa, mita inaweza kukudanganya. Ukishaupata, fungua tena terminali.

5. Viungo vyote chomea kwa risasi, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto. Vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya sivitaki kabisa: maji yakiingia, shaba inaota kutu ya kijani. Solotepu peke yake pia hapana, joto la injini linalainisha gundi.

6. Funga terminali, washa injini, kisha washa taa ndogo uone za mchana zinazima. Ukizima injini zinaweza kubaki zinawaka kidogo mpaka volti zishuke. Hiyo siyo hitilafu.