Mgonjwa wenu yuko kwenye mashine ya kupumulia ICU na hazinduki: mfanye nini kabla ya kusema izimwe au isizimwe

Kwanza kabisa msikubali kuulizwa "tuzime au tusizime" mkiwa mmesimama koridoni. Ombeni kikao, mkae chini na daktari anayemshughulikia, na swali la kwanza liwe moja tu, huyu mtu wetu yuko kwenye hali gani hasa? Manake watu tunachanganya, kila asiyezinduka tunasema yuko koma. Kuna koma yenyewe, na hiyo mtu anaweza akatoka. Kuna wanaofumbua macho, wanalala na kuamka, ila hawajitambui kabisa. Halafu kuna ambaye ubongo wote umekufa mpaka shina lake, na huyo kitabibu na kwenye sheria za nchi nyingi ni marehemu tayari, kifua kinapanda na kushuka kwa sababu mashine inakisukuma.

Wakisema ubongo umekufa, ulizeni wamepimaje. Dawa za usingizi zimeshaisha mwilini? Joto lake je, sukari je? Hivyo vitu visipokuwa sawa kipimo kinaweza kudanganya. Halafu wawaelezeni: mboni hazisinyai wakimulika tochi, hakohoi mrija ukigusa njia ya hewa, na wakimtoa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku anapewa oksijeni hajaribu kuvuta pumzi hata mara moja. Hicho cha mwisho ndo kizito. Daktari mzuri hachukii maswali haya, akichukia ombeni na mwingine amwone.

Sasa kama ubongo haujafa ila madaktari wanasema hakuna matumaini, hapo ndo pagumu, na hapo ndo familia nyingi zinauliza swali sio. Watu wanaulizana "wewe unaonaje", mjomba anasema lake, shemeji lake, wakati kinachotakiwa ni kujua YEYE angesema nini. Aliwahi kuongea chochote, labda kwenye msiba wa mtu, kwamba mimi msije mkaniweka hivi? Au alikuwa mtu wa kupambana mpaka mwisho? Mke au mume na watoto waliokuwa wanaishi naye ndo wanajua, sio yule ndugu wa mbali aliyekuja jana na sauti kubwa.

Kuna dada mmoja Marekani, Terri Schiavo, alianguka 1990 na hakujitambua tena, mume akasema mke wangu asingetaka kuishi hivi, wazazi wakasema angetaka, yeye hakuacha maandishi yoyote, wakaburuzana mahakamani miaka na miaka mpaka mrija wa chakula ukatolewa 2005 akafariki. Kwa hiyo nyie mlio wazima andikeni, hata karatasi moja tu yenye sahihi na mashahidi.

Mkiwa hamjafikia mwafaka si lazima mchague leo. Mwambieni daktari tumpe muda, mkubaliane siku ya kukaa tena na dalili zipi zitaonyesha anapanda au anashuka. Pia kuna njia ya katikati, aendelee na alichonacho ila moyo ukisimama asikandamizwe kifua.

Pesa. Isemeni wazi bana, bili ya ICU inauza mashamba na kikundi cha mchango kimeshachoka, sio dhambi kuitaja. Ubaya ni kuificha halafu mkaivalisha kanzu ya dini.

Na kwenye dini yenyewe muulizeni anayejua. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII alishasema 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zilizopita kawaida ili kurefusha uhai. Kwa Waislamu, baraza la fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, lililokaa Amman, Jordan, 1986 liliruhusu kuondoa mashine pale madaktari bingwa wakithibitisha ubongo umesimama moja kwa moja, ingawa wapo wanazuoni wanaosema mauti hayahesabiki mpaka moyo usimame. Kumchoma mtu sindano ili afe ni jambo jingine kabisa, hilo Kenya na Tanzania ni kosa la jinai, msilichanganye na hili.

Na mjue kuzima mashine sio lazima afe hapo hapo. Karen Quinlan, binti wa New Jersey kule Marekani aliyekuwa hazinduki, wazazi wake walishinda kesi ya kutaka mashine izimwe 1976, mashine ikatolewa, akapumua mwenyewe mpaka 1985, na mrija wa chakula hawakuomba utolewe. Kwa hiyo ulizeni mapema: akiendelea kupumua atapelekwa wapi, nani atamhudumia?

Siku yenyewe ikifika ombeni apewe dawa ya kutuliza, mofini mara nyingi, manake anaweza kukoroma au kuvuta pumzi kwa shida na hiyo inawatisha sana waliopo. Ombeni pazia, muda wa sala, na watoto waelezwe kabla. Fomu asisaini mtu mmoja peke yake kama hospitali inaruhusu, wasaini wawili watatu, ili kesho asije akanyooshewa kidole kwamba wewe ndo ulimuua baba. Na yule wa ughaibuni apigiwe vidio koli kabla hamjasaini, sio baada.