SOMO: Meno kufa ganzi ukubwani, na namna ya kuyatibu kwa floridi

Wiki hii nimejibu watu wanne faragha, swali lilelile: "Nikinywa maji ya baridi meno yananipiga shoti, nitumie nini?" Naandika mara moja hapa. Mimi si daktari. Nilihangaika na ganzi miaka mitatu mpaka tabibu wa meno aliponielekeza.

Ujue kwanza kinachouma. Chini ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, kuna dentini, nayo ina vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Fizi zikishuka au enameli ikilika, vijitundu vinabaki wazi. Baridi au ndimu ikigusa, majimaji ya ndani yanasogea na mshipa unashtuka. Floridi, madini yanayotiwa kwenye dawa za meno, inakaza jino na kusaidia kuviziba. Fizi iliyoshuka hairudishi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ganzi. Maumivu yake huja na kuondoka upesi. Jino moja tu linalouma, linalopwita baridi ikishapita au linalokuamsha usiku, lipeleke kliniki. Huenda limetoboka au lina ufa.

Hatua ya 2: Nunua mswaki laini.

Hatua ya 3: Nunua dawa ya meno yenye floridi. Soma boksi: 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu za floridi katika kila sehemu milioni za dawa) inamtosha mtu mzima. Ukipata yenye nitrati ya potasiamu pia, vizuri, maana hiyo inatuliza mshipa. Majivu na unga wa mkaa acha, vinakwangua jino.

Hatua ya 4: Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Usikandamize.

Hatua ya 5: TEMA, USISUKUTUE. Hapa ndipo nilipokosea. Nilinunua dawa nzuri, ya bei, na miezi minne sikuona nafuu. Kumbe kila nikimaliza nilikuwa najaza kikombe na kusukutua mara tatu mpaka kinywa kitakate, kama mama zetu walivyotufunza, na floridi yote inaishia kwenye karo. Floridi lazima ikae juu ya jino ndipo ifanye kazi. Siku hizi natema povu, natema tena, nafuta midomo, nalala. Ladha inakera siku tatu nne, halafu unaizoea. Angalizo: povu lisimezwe. Usile wala kunywa kwa nusu saa. Dawa ya maji ya kusukutulia nayo isifuate mswaki papo hapo, kwa kuwa floridi yake kwa kawaida ni hafifu kuliko ile uliyokwisha kuipaka. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu anapakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, mkubwa akimsimamia.

Hatua ya 6: Ukila embe mbichi, ukwaju au machungwa, au ukinywa soda, ngoja nusu saa kabla ya mswaki. Asidi imeilainisha enameli, ukisugua unaiondoa.

Hatua ya 7: Vumilia wiki mbili hadi nne. Usipopata nafuu, tabibu anaweza kukupaka vanishi ya floridi, ambayo ni kama 22,600 ppm, au kukuandikia dawa ya meno ya 5,000 ppm. Hizo si za kujinunulia kwa kubahatisha.

MASWALI

Kijana wa Makorora: Ndefu mno. Nitajie dawa tu.
Jibu: Hatua ya 3. Na ya 5, la sivyo utapoteza hela yako.

Mzee Baharia: Floridi ni sumu! Arusha watu wana meno ya kahawia, wewe unatuambia tupake.
Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Madoa yale yanatokana na kunywa maji yenye floridi nyingi utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Jino la mtu mzima limeshakamilika. Na mimi nimesema kutema, sikusema kunywa. Soma tena.

Mama Neema: Mimi niko Usa River na nina mtoto wa miaka miwili. Nikichemsha maji, floridi inatoka?
Jibu: Haitoki, dada yangu. Maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa. Hapo jirani yako Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, nenda kawaulize kuhusu chujio. Mvua zikinyesha, kinga maji ya bati safi, uyatumie kwa kumpikia na kunywa. Punguza pia magadi kwenye maharage yake, yanaweza kuwa na floridi nyingi. Ahsante kwa kuuliza, sikuwa nimeliweka.

Ummu Salim: Mimi hupiga mswaki kabla ya udhu wa Alfajiri, na udhu una kusukutua mara tatu. Nifanyeje?
Jibu: Swali zuri sana. Kabla ya udhu tumia mswaki wa mti, bila dawa. Ukishaswali ndipo upige wa dawa, uteme, ungoje nusu saa ndipo unywe chai. Usiku swali Isha kwanza, wa dawa uwe wa mwisho. Ramadhani nategemea zaidi ule wa baada ya tarawehe, nikishamaliza kula. Wa daku nasukutua kama kawaida, nisije nikameza mabaki nimefunga.

Ummu Salim: Allah akulipe kheri. Juisi ya ukwaju siwezi kuiacha, nitumie mrija?
Jibu: Mrija unasaidia meno ya mbele. Inywe pamoja na chakula, usiizungushe mdomoni, kisha sukutua kwa maji matupu. Hapo ndipo pa kusukutua.